Nilinunua Kamera Mara Mbili ili Nipige Picha ya Chungu

Mzigo ulirudi Alhamisi, kwa basi lile lile lililoupeleka Dar. Vyungu 14, vimefungwa kwenye majani makavu kama nilivyovifunga mwenyewe, na juu ya boksi mteja ameandika kwa kalamu nene: RUDISHA MBEYA. Hakuna hata kimoja kilichovunjika. Afadhali vingevunjika, ningepata wa kumlaumu.

Ujumbe wake ulikuwa wa heshima. "Dada, sina ugomvi na wewe, ila hivi sivyo nilivyoviona. Vya kwenye picha vilikuwa rangi ya chungwa, vinene. Hivi ni vya kahawia, halafu vidogo." Nilifungua picha nilizomtumia, nikaweka chungu kimoja pembeni ya simu, nikatazama huku na huku. Alikuwa na haki. Simu yangu inapenda kukoleza rangi bila kuulizwa, na kwa kuwa nilikuwa nimeisogeza karibu mno, matumbo ya vyungu yalikuwa yamevimba na vitako vimesinyaa. Nilikuwa nimeuza vyungu visivyokuwepo.

Nilimrudishia sh 168,000 zake, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Usiku ule ule nikaamua kununua kamera. Nilikuwa na hasira, na hasira ile imenigharimu kuliko vyungu vyenyewe.

Niseme kwanza ninachouza. Wakisi wanaishi ukingoni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, na kinamama wao ndio wafinyanzi. Chungu kinafinyangwa kwa mkono, kinasuguliwa mpaka kinateleza, kinachomwa kwenye moto wa wazi. Moto huo haushiki sawasawa, kwa hiyo chungu kimoja kinaweza kuwa chekundu upande huu, na upande wa pili kina doa jeusi la moshi kama wingu. Mimi nakaa Iyunga, hapa Mbeya, navifuata Kyela, navipiga picha nyumbani, nauza kwa WhatsApp na Instagram. Lile doa la moshi ndilo wateja wangu wa Dar na Arusha wanalolipenda. Na ndilo ambalo simu ilikuwa inalilainisha mpaka linapotea.

Basi nikamuuliza mtoto wa baba mdogo, anapiga picha za harusi. Akaniambia, "Dada chukua Nikon D3300, megapikseli 24, huna utakalokosa." Megapikseli ni mamilioni ya nukta zinazounda picha. Hakuniuliza napiga picha za nini, na mimi sikumwambia zaidi ya kwamba ni za biashara. Nikampata muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa na bodi peke yake, bila lenzi, sh 480,000. Lenzi nikaitafuta kwa mtu mwingine, nikapata ya 50mm iliyotumika, sh 130,000. Nilijiona mjanja: nimesoma mahali kwamba lenzi ya 50mm ndiyo kali kuliko ile inayokuja na kamera, na hii ilikuwa bei ya kutupa. Na 10,000 za kuleta vifurushi. Jumla 620,000.

Nilipovipachika nikawasha, kwenye kioo yakatokea maandishi makubwa: FEE. Naapa nilidhani kamera inadai ada. Nikaanza kujiuliza kama ni ya wizi, kama wenzetu huko ilikotoka walikuwa wanailipia kila mwezi. Siku mbili nzima sijamwambia mtu. Kumbe ile lenzi ya zamani ina pete yenye namba karibu na shina lake, na kwenye bodi kama hii pete hiyo lazima izungushwe mpaka 22 na kufungwa kwa kijifungio kidogo pembeni. Nilipofanya hivyo ada ikafutika.

Tatizo la pili halikufutika. Kamera ilikataa kuvuta fokasi, yaani kulenga mpaka picha itulie. Nabonyeza, kimya. D3300 haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Inategemea lenzi iwe na mota yake, na lenzi za Nikon za aina hiyo zimeandikwa AF-S. Yangu iliandikwa AF tu, na herufi D mwishoni. Muuzaji wa lenzi hakunidanganya. Aliuza lenzi ya Nikon, mimi nilikuwa na kamera ya Nikon, na sikuuliza swali hata moja. Ikabidi nivute fokasi kwa mkono, nikichungulia kwenye kitundu kidogo. Siku ya kwanza nilipiga picha 60, zilizotulia zilikuwa 9.

La tatu ndilo lililonimaliza. Kihisio cha kamera hizi, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni kidogo kuliko kipande cha filamu ya zamani, kwa hiyo lenzi ya 50mm juu yake inaona kama ya 75mm: inavuta. Chumba ninachopigia picha ni futi 10 kwa 10 na kina kitanda. Vyungu vya mboga vilienea. Mtungi wa maji ulikataa. Nilibana mgongo kwenye kabati, nikafungua mlango nikasimama koridoni, nikawa napiga picha kutokea huko huku mama mkwe akipita na ndoo na kuniuliza, "Mama, umefukuzwa chumbani?" Na nilipotaka kinyume chake, yaani nisogee karibu nionyeshe ile michoro ya shingoni, lenzi haikukubali chini ya sentimita 45. Kwa mbali haitoshi, kwa karibu haifiki.

Baada ya miezi mitatu nikauza vyote kwa kijana mmoja kwa 430,000. Hasara 190,000. Nisiitukane ile kamera, maana haikuwa na kosa. Ningeinunua ikiwa na lenzi yake ya kawaida ya 18-55, inayozungushwa kutoka kuona kwa upana (18) hadi kuvuta (55), hii ya plastiki ambayo kila mtu anaidharau, leo ningekuwa nayo bado, na simulizi hii isingekuwepo.

Mara ya pili sikwenda mtandaoni. Kulikuwa na mzee mmoja pale Mafiati, hapa Mbeya, alikuwa na studio ya picha za pasipoti tangu enzi za filamu, sasa anafunga na anauza vitu vyake kimoja kimoja. Nikaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nimesikia unauza kamera."

"Ninazo. Unataka kupiga nini?"

"Vyungu."

"Kiko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Chungu."

Nikamwambia nimekuja kutazama tu kwanza. Akacheka. "Mtu anakwenda kununua kiatu, mguu ameuacha nyumbani? Kalete chungu."

Kesho yake nikarudi na kikapu, ndani chungu cha mboga chenye doa zuri la moshi, nimekizungushia kanga. Mzee akakiweka kwenye stuli mlangoni, akatoa kamera tatu akazipanga mezani: Canon 600D, Canon 1200D, na Nikon D90. "Piga picha tatu kwa kila moja," akasema. "Chungu kizima, hilo doa, na mdomo wake. Halafu tutazame."

Siku ile nilijifunza mengi kuliko miezi mitatu ya chumbani. D90 ni ya mwaka 2008, nzito, ina megapikseli 12 tu. Na ina mota ndani. "Hii ndiyo ingeipenda ile lenzi yako," mzee akasema, na mimi lenzi nimeshaiuza. Canon zote mbili zina 18. Tulipozifungua picha kwenye kompyuta yake na kukuza lile doa, nilitafuta tofauti ya hizo megapikseli mpaka macho yakauma. Ilikuwepo, kidogo, ukikuza sana. Mzee akaniuliza mteja wangu anazitazama picha kwa kutumia kitu gani. Kwa simu. Akanifanyia hesabu: picha ya 600D ina upana wa nukta 5184, ukiipandisha Instagram inapunguzwa hadi 1080. Hizo nyingine zote zinabaki kwako. Nilikumbuka "megapikseli 24, huna utakalokosa", nikanyamaza.

Nilichukua 600D, ingawa ni ya mwaka 2011 na 1200D ni ya 2014. Sababu ni moja na ni ya mgongo: kioo chake cha nyuma kinafunguka na kugeuka. Chungu ukikipiga picha kwa juu, umesimama, unaonyesha shimo. Inatakiwa kamera ishuke mpaka usawa wa tumbo lake, na kama chungu kiko chini mchangani, wewe unalala kifudifudi kuchungulia. Kwa kioo cha kugeuka unachuchumaa tu na kutazama kwa juu, kama mtu anayesoma gazeti. Kitu kingine: unaweza kuitazama picha kwenye kioo hicho kabla hujapiga, ukaikuza mara 10 na kuvuta fokasi kwa mkono mpaka ile punje ya mchanga uliyoichagua isimame. Kwa kitu kisichotikisika hiyo inashinda mota yoyote. Na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo inakubali kusogea mpaka sentimita 25.

Watakuambia kwamba DSLR, yaani kamera kama hizi zenye kioo cha ndani kinachorusha picha kwenye kitundu cha kuchungulia, zimepitwa na wakati, kampuni zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Ni kweli, na ndiyo maana za mitumba zimeshuka bei. Kamera mpya zinajua kumfuata ndege angani na mtoto anayekimbia. Chungu hakikimbii.

Kabla hatujapatana bei, mzee mwenyewe alinionyesha jinsi ya kumkagua muuzaji, akiwemo yeye. Aliivua lenzi, akaimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, akaniambia nitazame kwa mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa fangasi, unaota kwa unyevunyevu, achana nayo. Ya 1200D ilikuwa nao. Akairudisha kabatini bila maneno. Akapiga picha ya karatasi nyeupe kwa f/22, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa sana. Vidoa vilivyojitokeza ni vumbi kwenye kihisio, na vumbi husafishwa, lakini mkwaruzo haufutiki. Nikauliza imepiga picha ngapi. Kwa Nikon nyingi namba hiyo hukaa ndani ya faili la picha, programu ya bure inaisoma. Kwa 600D haimo. Inabidi kamera iunganishwe na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu. Alikuwa nayo. Ilikuwa zaidi kidogo ya 20,000, ambayo kwa kamera ya studio ni kama gari lililokuwa la kwendea kanisani. Alianza na 600,000, tukamalizana 540,000 pamoja na lenzi, betri na chaja.

Sasa ungedhani hapo mambo yamenyooka.

Picha za kwanza nyumbani zilikuwa mbaya kuliko za simu. Nilikuwa nimesoma kwamba picha za vyombo zipigwe kwenye dirisha la kaskazini, eti mwanga wake ni laini na hautembei. Dirisha langu moja linatazama kaskazini, nikafurahi. Ilikuwa mwezi wa sita. Saa tano asubuhi jua likaingia moja kwa moja kama limealikwa, likakigawa chungu nusu: upande huu umeungua kwa weupe, upande ule ni giza. Nilihangaika wiki nzima kabla akili haijanijia. Walioandika ushauri ule wako Ulaya na Marekani, kwao jua la mchana liko kusini. Sisi Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la mchana limelalia kaskazini. Dirisha la kivuli kwetu ni la kusini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua linavuka kuja upande huo, lakini saa za mchana linakuwa juu kabisa kichwani, na upenu wa bati unalizuia. Nikahamia jikoni, ambako dirisha liko kusini, nikatundika shuka jeupe. Mama mkwe akahamishia kupika kwake asubuhi na mapema. Tunaheshimiana.

Rangi ikawa bado. Chungu kile kile upande mmoja kina rangi yake, upande wa pili kama kimeoza. Nilitazama mpaka nikagundua kuta za jiko ni za kijani, na chungu kilichosuguliwa vizuri kinapokea rangi ya kila kilicho karibu. Kwenye tumbo la mtungi mmoja nilijiona mwenyewe, mdogo kama sisimizi, na sweta langu jekundu. Sasa upande wa pili wa dirisha nasimamisha manila nyeupe, nyuma naweka manila ya kijivu, na mimi navaa nguo nyeusi kama nakwenda msibani. Kitenge kama mandhari ya nyuma nilikijaribu pia. Kilipendeza sana. Watu watatu wakauliza bei ya kitenge.

Kisha weupe. Kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka uionyeshe. Pale pale chungu kilipo, naweka karatasi nyeupe, naipiga picha, halafu kwenye menyu naiambia kamera itumie picha hiyo kama kipimo. Dakika chache tu, na ndizo zingeniokolea sh 168,000. Taa ya umeme nazima. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu hakuna kipimo kitakachoupatanisha. Na mwanga wenyewe kamera inaukisia vibaya, maana inadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kwenye manila nyeupe chungu kilikuwa kinatoka kama kimepakwa masizi, nikajifunza kupandisha hadi +1 kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Chungu cheusi kikijaa kwenye picha nafanya kinyume, nashusha, la sivyo kinakuwa cha kijivu kama kimekaa jivuni.

Namba za f zilinichanganya kuliko yote. Mwanzoni nilikuwa nafungua lenzi mpaka mwisho ili mwanga uingie, matokeo yake mdomo wa chungu umetulia na tumbo limeyeyuka. Nikaruka upande wa pili, f/22, kila kitu kikatulia lakini kwa ulegevu fulani, kama kinatazamwa kupitia nailoni. Tundu likibanwa kupita kiasi mwanga unatawanyika na picha inapoteza ukali. Sasa ni f/8 au f/11, basi. Na nazungusha lenzi mpaka 55 kisha narudi nyuma. Kwa 18 nikisogea karibu matumbo yanavimba kama ya kwenye simu. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, naiacha 100. Kwa mipangilio hiyo, jikoni kwangu kamera inahitaji hata nusu sekunde kupokea mwanga, na hakuna mkono unaotulia nusu sekunde. Stendi ni lazima.

Stendi ya kwanza niliinunua Mwanjelwa kwa 35,000, ya plastiki, na siku ya pili mguu mmoja ukateleza taratibu mbele ya macho yangu. Niliidaka kamera kwa shingo yake huku kiwiko kikiangusha chetezo cha bibi mmoja wa Ikombe ambacho sikuwa nimekilipia. Nilikilipia. Stendi ya pili ilikuwa 120,000, ya chuma, na katikati nainingʼiniza mfuko wa mchele wa Kyela, kilo tano, ili isiyumbe. Natumia saa ya kamera ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise, na ile kinga ya mtikisiko iliyo kwenye lenzi naizima kamera ikiwa juu ya stendi.

Kadi ya 32GB ilikuwa 30,000, betri ya akiba 35,000. Jumlisha kila kitu cha mara ya pili, unapata 760,000. Ongeza hasara ya mara ya kwanza, ni 950,000. Nimeandika namba hizi kwenye daftari ambalo mume wangu halisomi.

Safari ya kwanza na kamera kwenda ziwani ilinifundisha jambo ambalo mzee wa Mafiati hakunigusia. Nililala Tukuyu kwa ndugu, ilikuwa mwezi wa saba, baridi inajulikana. Alfajiri nikaviringisha kamera kwenye sweta, nikaweka begini, nikapanda Noah kuteremka Kyela. Kule joto limeshaanza, hewa nzito. Nikaitoa pale pale stendi kumwonyesha mwenyeji wangu, na kioo cha lenzi kikafunikwa na mvuke kama dirisha la jikoni. Nikafuta kwa pindo la kanga. Kanga ilikuwa na mchanga. Mkwaruzo ule upo hadi leo, mwembamba kama unywele, pembeni. Ukipiga picha kuelekea jua unauona. Dawa yake ni uvivu: fika, liache begi limefungwa, kunywa chai, zungumza habari za nyumbani, fungua baada ya nusu saa au zaidi. Na ukirudi nyumbani weka ndani ya begi vile vifuko vya punje vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu, vinakula unyevu ambao fangasi wanausubiri. Ufukweni usivue lenzi hata kwa ugomvi.

Soko la vyungu ni Jumamosi, Lyulilo, karibu na Matema. Kinamama wanafika kwa mitumbwi, vyungu vimepangwa ndani vikigusana midomo. Nilichuchumaa nikaanza kupiga picha. Bibi mmoja akaniuliza, "Unapiga chungu au unanipiga mimi?" Nikasema chungu, bibi. "Basi mbona miguu yangu imo?" Nikamwonyesha. Miguu yake ilikuwemo. Nikafuta mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo naomba kwanza, na nikitaka mikono ya mtu ikiwa kazini nalipa, kiasi tunachokubaliana kabla sijatoa kamera begini.

Mwiko wa ugali naubeba pia. Nauweka pembeni ya chungu kwa picha moja kati ya tano, kwa sababu urefu kwa sentimita wateja hawausomi, lakini mwiko kila mtu anaujua. Picha zenyewe nazituma WhatsApp kama faili, nikizituma kama picha zinabanwa na lile doa la moshi linapotea tena.

Siku hiyo ya Lyulilo nilinunua vyungu 20. Kimoja, cha bibi yule yule wa miguu, nilikipenda kuliko vyote, nikakipiga picha hapo hapo mchangani kwa kivuli cha mwembe, nikaikuza picha kwenye kioo, nikakigeuza kioo kumwelekea yeye nikidhani nampa raha. Aliinama, akatazama muda mrefu. Akaweka kidole karibu na kioo bila kukigusa.

"Hapo sikusugua."

Nikatazama. Palikuwa na michirizi myembamba, upana wa ukucha, ambapo kokoto haikupita. Kwenye chungu chenyewe nilikuwa siioni mpaka nilipokielekeza kwenye mwanga.

"Hakionekani, bibi," nikamwambia. "Mimi nakichukua hivyo hivyo."

"Hiki usikiuze," akasema, akakitoa kwenye majani niliyokuwa nimeshakifunga, akakirudisha kwenye mtumbwi, na kunipa kingine.